Namna ya Kupima Ahadi ya Chuo cha Marekani kwa Kijana wa Kikapu wa Nyanda za Juu Kusini

Mzazi wa Mbeya, Iringa au Njombe ambaye kijana wake ni mrefu na anacheza kikapu vizuri anaweza siku hizi kupokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtu asiyemfahamu, ukimweleza kwamba chuo fulani cha Marekani kinamhitaji mwanawe na kwamba wachezaji wa vyuo vya huko wanalipwa mamilioni kwa ajili ya matangazo. Habari ya mamilioni ni ya kweli kwa baadhi ya wachezaji. Ile ya mwanawe ndiyo inayohitaji kupimwa, na wazazi wengi huanza kuipima kwa kuuliza atapata kiasi gani. Swali lenye uzito zaidi ni jingine: fedha wanazolipwa wenzake zitamweka wapi yeye katika kikosi? Kijana wa Kitanzania anayesafiri kwa viza ya mwanafunzi huenda asiguse hata senti ya fedha za matangazo kwa miaka yote minne, lakini fedha hizo hizo ndizo zitakazoamua nani atasajiliwa juu yake, nani atahama, kocha gani ataondoka, na kama nafasi yake itakuwapo mwaka wa pili. Mwongozo huu unafuata swali hilo la pili.

Fedha hizi zimetoka wapi

Kwa miongo mingi NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kiliwahesabu wachezaji kuwa wa ridhaa. Walilipiwa ada, malazi, chakula na vitabu, na walikatazwa kupokea chochote kilichotokana na umaarufu wao. Watanzania tunao mfano wetu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya futi saba, alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, akafika na timu yake nusu fainali ya taifa katika msimu wa mwisho, kisha Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika usajili wa NBA wa mwaka huo. Katika misimu yote mitatu ambayo watu walikata tiketi kumtazama, kanuni hazikumruhusu kuuza jina lake hata kwa duka la viatu.

Ukuta huo ulibomolewa na mahakama pamoja na mabunge ya majimbo. Ed O'Bannon, aliyekuwa bingwa na UCLA mwaka 1995, alifungua kesi mwaka 2009 baada ya sura yake kutumika katika mchezo wa video bila yeye kulipwa. California ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kuwaruhusu wachezaji kunufaika na majina yao. Tarehe 21 Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na siku kumi baadaye, 1 Julai 2021, NCAA ikaacha wachezaji wauze jina, picha na sura zao, haki ambayo Wamarekani huiita kwa kifupi NIL. Hatua ya mwisho ilikuja 6 Juni 2025, pale Jaji Claudia Wilken alipoidhinisha suluhu ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA. Kuanzia Julai mwaka huo vyuo vilivyojiunga na mpango huo viliruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote katika mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo iko mikondo miwili, na mzazi asiichanganye. Mmoja ni mgawo unaotoka chuoni kwenyewe, ambao katika vyuo vyenye timu kubwa ya mpira wa miguu wa Kimarekani humezwa kwa sehemu kubwa na timu hiyo, kikapu cha wanaume kikafuata kwa mbali, na cha wanawake kikapata kidogo zaidi. Mwingine ni mikataba ya matangazo ya kampuni na ya mifuko ya wafadhili wanaoipenda timu. Mkataba wa mkondo huu wa pili ukizidi dola 600 sharti uripotiwe, na wakaguzi huangalia kama kweli kuna biashara ndani yake au ni mshahara uliovalishwa joho la tangazo.

Vunja kiasi ulichotajiwa

Barua ya chuo, au maneno ya wakala anayedai kukiwakilisha, mara nyingi hutaja kiasi kimoja kikubwa. Tuseme ni dola 65,000 kwa mwaka. Kaa mezani na kijana, chukua kalamu, na umtake aliyeleta habari ataje kilichomo, kimoja kimoja, mpaka jumla itimie. Kwa kawaida utakuta ada ya masomo imechukua sehemu kubwa, ikifuatiwa na chumba na chakula, kisha vitabu, bima ya afya, na posho ya mahitaji mengine ya mwanafunzi. Kinachobaki, kama kipo, ndicho kinachoweza kuitwa fedha ya mkononi. Mkulima wa viazi wa Isyonje hahitaji kuelezwa lumbesa ni nini: gunia linakuwa refu kwa sababu ya kile kilichofumwa juu ya mdomo wake. Na hapa pia, shusha kilele kwanza ndipo upime.

Mazungumzo ya namna hii kati ya mzazi na kocha yamekuwa ya kawaida:

«Mwalimu, wameandika elfu sitini na tano. Tukitoa ya chakula, hawezi kututumia hata elfu tano tukamalizia nyumba?»

«Mama, hizo si fedha za mkononi. Ada inakwenda chuoni moja kwa moja, yeye haioni.»

«Kwa hiyo hapewi kitu?»

«Anapewa shule, mama. Na shule hiyo tungeambiwa tuilipie wenyewe, tusingemaliza hata muhula wa kwanza.»

Kocha huyo yuko sahihi, na ningeongeza kwamba shahada isiyo na deni, kwa kijana wa Mbalizi au Ilula, ndiyo mali kubwa kuliko kila kilichoandikwa kwenye barua hiyo, hata pale ambapo kweli kuna fedha za matangazo pembeni.

Zipo sehemu mbili za barua ambazo watu huziruka. Ya kwanza ni kodi. Ufadhili unaolipia ada na vitabu vya lazima hautozwi, lakini ule unaolipia chumba na chakula huhesabiwa kuwa kipato, na kwa mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hukatwa asilimia 14. Mapato mengine yanayopatikana ndani ya Marekani yanaweza kukatwa asilimia 30, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani ambao ungeipunguza. Uliza ni nani atakayeibeba kodi hiyo, kwa sababu kijana asiyeambiwa mapema hushtuka anapokuta akaunti yake ya chuo inadaiwa wakati alijua kila kitu kimelipwa.

Ya pili ni muda. Ufadhili mwingine ni wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, mwingine ni wa miaka minne, na tofauti hiyo ina uzito kuliko tofauti ya dola elfu kadhaa. Hadi Oktoba 2024 kulikuwa na hati ya kitaifa ambayo mchezaji aliisaini kuthibitisha chuo alichokichagua. Hati hiyo imefutwa, na sasa mkataba wa ufadhili wenyewe ndio karatasi inayomfunga kila upande. Usome wote. Kama kijana hajatimiza miaka 18, mzazi au mlezi husaini pia, na mzazi asisaini lugha asiyoielewa kwa sababu tu wakala ana haraka ya kupanda basi la jioni.

Viza ndiyo inayosema mwisho

Hapa ndipo ahadi nyingi zinapokufa, na wakala hatakueleza. Viza ya F-1 imetolewa kwa ajili ya masomo. Mwenye viza hiyo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kazi ya nje ya chuo huhitaji kibali maalumu. Kupiga picha za tangazo, kuhudhuria uzinduzi wa duka, kusaini jezi kwa malipo au kurusha video ya bidhaa mtandaoni kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Adhabu yake ni kupoteza hadhi ya mwanafunzi, na hapo ufadhili, timu na shahada huondoka pamoja.

Oscar Tshiebwe, aliyezaliwa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha yake ya mtaani kama ilivyo Mwanjelwa, alikuwa mchezaji bora wa taifa wa mwaka 2022 akiwa Kentucky. Wachezaji wenzake Wamarekani walisaini mikataba nyumbani. Yeye ilibidi asubiri hadi Agosti 2022, timu ilipokwenda kucheza visiwa vya Bahamas, ndipo afanye kazi za matangazo akiwa nje ya ardhi ya Marekani. Zach Edey wa Kanada, mchezaji bora wa taifa miaka miwili mfululizo, 2023 na 2024, akiwa Purdue, naye alibanwa na viza hiyo hiyo. Hawa walikuwa wachezaji wakubwa kabisa wa nchi, wenye mawakili. Anayeahidi kwamba kijana wa kidato cha sita kutoka Iyunga atafungua akaunti na kuanza kupokea fedha za tangazo wiki ya kwanza, ama hajui au anajua na ananyamaza.

Kuna eneo la kijivu. Baadhi ya wanasheria wanaona kwamba malipo yasiyodai kazi yoyote, kama mgawo wa mauzo ya jezi yenye jina la mchezaji, hayavunji masharti, wengine wanaonya. Mgawo mpya wa vyuo umeongeza mabishano hayo, na vyuo vinavyosajili wageni wengi vimejenga njia zao kwa msaada wa mawakili. Kazi ya mzazi si kuyaamua mabishano hayo. Omba jina la afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kimataifa, yule anayesaini fomu ya I-20 ambayo chuo humpa mwanafunzi ili aombe viza, na umwandikie barua pepe ukiuliza: mchezaji mwenye F-1 katika chuo chenu anaruhusiwa kupokea malipo ya aina gani, na nani ameidhinisha? Jibu la kocha halitoshi. Mambo yakiharibika, kocha anabaki na kazi yake. Anayerudishwa ni kijana.

Kabla hujatoa hata nauli, hakikisha pia hali ya viza zenyewe katika Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, kwa kuwa masharti kwa waombaji kutoka nchi za Afrika yamekuwa yakikazwa katika kipindi cha karibuni. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, na ni safari isiyostahili kufanywa kwa maneno ya simu. Chuo kisichoweza kutoa fomu ya I-20 hakina mwanafunzi wa kumpokea, na anayedai ada ya kuharakisha viza ni tapeli, hata kama ana picha akiwa amesimama na wachezaji wa NBA.

Pima kiti, usipime jina la chuo

Fedha zimebadilisha usajili kwa namna inayomgusa moja kwa moja kijana mchanga. Tangu Aprili 2024 mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka na kucheza papo hapo bila kusubiri, ilimradi masomo yake yako vizuri. Kocha aliyekuwa akimlea mvulana mrefu wa miaka 18 kwa misimu miwili kabla ya kumtegemea, sasa anaweza kutumia mfuko wake kumchukua mwenye miaka 22 au 23 aliyekwisha kucheza michezo mia moja katika chuo kingine, au hata mchezaji aliyepitia klabu za Ulaya. Subira, ambayo ndiyo kitu ambacho vijana wetu waliochelewa kuushika mpira walikihitaji kuliko vyote, imepanda bei. Na suluhu ya House imeweka ukomo wa wachezaji 15 katika kikosi cha kikapu cha daraja la kwanza la NCAA, lile la juu kabisa, kwa vyuo vilivyojiunga, wanaume na wanawake, kwa hiyo hakuna tena kona ya kumficha anayekua polepole.

Namna ya kulipima jambo hili haihitaji utaalamu. Fungua tovuti ya timu na uandike majina ya wachezaji wa msimu huu: urefu, nafasi, mwaka wa masomo, na chuo walichotoka. Kisha tafuta orodha ya msimu uliopita na ya mwaka juzi. Weka alama kwa kila jina linaloonekana zaidi ya mara moja. Ukikuta kwamba kati ya wachezaji kumi na tano wamebaki watatu, umekwisha kujua jinsi timu hiyo inavyoishi, na hakuna maneno matamu ya kwenye simu ya video yatakayobadilisha hesabu hiyo. Angalia zaidi wale wanaocheza nafasi ya mwanao. Kama kila mwaka analetwa mchezaji aliyekomaa kutoka chuo kingine kuja kucheza chini ya kikapu, basi kijana wako anaitwa kujaza zoezi.

Baada ya hapo mwulize kocha, kwa heshima lakini bila kuzunguka, mambo haya: ni wachezaji wangapi walioanza kwenu mwaka wa kwanza wakamaliza shahada kwenu? Mwanangu akikaa benchi msimu mzima, ufadhili wake wa mwaka wa pili umehakikishwa kwa maandishi? Na wewe ukiondoka? Swali hili la mwisho wazazi wetu huona aibu kuliuliza, wakidhani ni utovu wa adabu kumzungumzia mwenye nyumba kuondoka. Liulizeni. Kocha Tony Bennett, aliyeipa Virginia ubingwa mwaka 2019, alijiuzulu Oktoba 2024, majuma machache kabla ya msimu kuanza, akisema kwamba mazingira mapya hayamfai. Wachezaji aliowaalika walibaki na mtu mwingine.

Kwa sababu hizo naona kwamba wengi wa vijana tunaowalea katika viwanja vya saruji vya shule zetu, waliotoka UMISSETA na kuonwa kwa bahati, wangefaidika zaidi na chuo kidogo. Daraja la pili la NCAA, vyuo vya NAIA (chombo kingine cha michezo ya vyuo, nje ya NCAA), ambavyo viliruhusu matangazo tangu Oktoba 2020, na vyuo vya miaka miwili vina fedha kidogo sana za kugombaniwa, na kwa sababu hiyo hiyo vina dakika za kucheza. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, ingawa baadhi ya vyuo vyake hutoa msaada mkubwa kwa wanafunzi wenye alama nzuri. Anayecheza vizuri kwa misimu miwili katika chuo kidogo anaweza kuhamia kikubwa akiwa na kanda za video na alama za darasani. Anayekaa benchi katika chuo chenye jina hana vyote viwili.

Kuhusu alama: kwa daraja la kwanza na la pili mwanafunzi husajiliwa katika kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa, na kwa daraja la kwanza hutakiwa kuwa na masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3. Mtihani wa SAT, ule wa kujiunga na vyuo vya Marekani, haudaiwi tena na NCAA tangu Januari 2023, ingawa chuo kinaweza kuudai chenyewe. Vyeti vya NECTA vitahitajika. Hayo yaanze kidato cha tatu.

Kupima maelewano ya timu ukiwa mbali

Watu wengi husema kwamba tofauti za malipo zinavunja timu. Mimi naona kinachovunja zaidi ni ahadi isiyotimizwa, na mifano miwili inanipa sababu.

Aprili 2022 Nijel Pack alihama Kansas State kwenda Miami, na mfadhili John Ruiz akatangaza hadharani kwamba kampuni yake itamlipa dola 800,000 kwa miaka miwili, pamoja na gari. Siku chache baadaye wakala wa Isaiah Wong, nyota aliyekuwa Miami tayari, alisema mchezaji wake ataondoka asipoongezewa. Ruiz alikataa kufungua upya mkataba. Wong alibaki. Msimu uliofuata Wong alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yao ya ACC, Pack akacheza pembeni yake, na Miami wakafika nusu fainali ya taifa ya 2023. Kila mtu katika chumba cha kubadilishia nguo alijua nani analipwa nini, na bado walicheza pamoja.

Florida State ni kisa cha upande wa pili. Desemba 2024 wachezaji sita waliopitia timu hiyo walimshtaki kocha wao, wakidai kwamba aliahidi kila mmoja dola 250,000 kutoka kwa washirika wake wa kibiashara na fedha hazikuja. Kwa mujibu wa mashtaka yao, Februari 2024 walifikia hatua ya kutoka mazoezini na kupanga kugomea mchezo dhidi ya Duke. Hayo ni madai. Lakini ukiyatazama, hakuna mchezaji aliyemlalamikia mwenzake kwa kupata zaidi. Wote sita walisimama pamoja dhidi ya neno ambalo halikuandikwa.

Kisa cha Miami nacho kina mkia. Kocha Jim Larrañaga alipoacha kazi Desemba 2024 alieleza kwamba katika kikao chake cha kwanza na wachezaji baada ya ile nusu fainali, wanane walimwambia wanaingia katika mfumo wa uhamisho. Aliwauliza kama hawapapendi, wakajibu kwamba wanapapenda sana, ila kwingine kuna fedha zaidi. Basi maelewano katika kikapu cha vyuo siku hizi ni ya msimu, na yanaweza kuwa ya kweli kabisa kwa msimu huo. Mzazi asitafute timu ambayo haitavunjika. Atafute timu inayosema ukweli juu ya nani anapata nini na kwa muda gani.

Ili kujua hilo, usizungumze na nyota. Omba kuzungumza na mchezaji wa akiba, ikiwezekana mgeni kutoka Afrika, wakati kocha hayupo kwenye simu. Muulize nani huzungumza na wachezaji kuhusu malipo: ni kocha mwenyewe, au chuo kimeajiri meneja mkuu kwa kazi hiyo kama timu nyingi zilivyofanya? Pale ambapo kocha anayepanga kikosi ndiye pia anayepanga malipo, kila mabadiliko ya uwanjani husomwa kama uamuzi wa fedha, na aliyelipwa sana akicheza vibaya wenzake hungoja kuona kama atatolewa. Muulize pia wageni wanachukuliwaje na wenzao pale timu nzima inapokwenda kupiga picha za tangazo na wao hawaendi kwa sababu ya viza. Jibu la swali hilo dogo huonyesha mengi: wengine watacheka na kusema mwenzao huwaletea chakula, wengine watakaa kimya kidogo kabla ya kujibu.

Mwandae kijana pia kwa upande wake. Kijana wa Kinyakyusa au Kihehe aliyefundishwa kutosema mbele za wakubwa atakaa chumbani na mtu wa rika lake mwenye gari la kampuni, akimsikiliza akilalamika kwamba dola laki mbili hazitoshi. Aelezwe mapema kwamba hilo litatokea na kwamba halimhusu. Asiulize malipo ya mwenzake, asikope kwake, asikubali kushikiwa fedha wala kutumia jina la mwenzake kupokea malipo ambayo viza yake imekataza. Njama hiyo ya mwisho huonekana ya kirafiki na ndiyo hatari kuliko zote. Na familia nyumbani isimgeuze mtumaji. Simu za kila wiki kutoka Tukuyu zinazouliza kwa nini mtoto wa fulani wa kwenye televisheni ananunua nyumba na wewe hujatuma, zimetosha kumfanya kijana mwenye akili timamu atafute njia ya mkato.

Tangazo linaloweza kufanyika nyumbani

Njia moja ya halali kwa mchezaji mwenye F-1 inaweza kuwa hii ya Tshiebwe: kazi yote ifanyike nje ya Marekani. Kijana akija likizo Mbeya, kampuni ya vinywaji au ya simu ya hapa nchini ikimtaka awe balozi wa bidhaa, mkataba usainiwe hapa, picha zipigwe hapa, na malipo yaingie akaunti ya hapa. Kabla ya hayo yote, apate kibali cha maandishi cha afisa wa wanafunzi wa kimataifa na cha ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za michezo, kwa kuwa mkataba ukivuka dola 600 kwa kawaida sharti uripotiwe hata kama umelipwa kwa shilingi. Kodi ya TRA iko palepale. Akisharudi chuoni asirushe video nyingine ya bidhaa hiyo akiwa bwenini. Akiirusha, kazi itakuwa imevuka mpaka pamoja naye.

Wakala wa matangazo si sawa na wakala wa kumtafutia kijana timu ya kulipwa, na kumpa mtu mmoja karatasi inayomruhusu kufanya yote mawili kunaweza kumharibia sifa ya kucheza chuoni. Hati inayompa mtu asilimia ya mapato yote ya baadaye ya mchezaji ikataliwe hapohapo. Makocha wenzangu nao wanapaswa kuwa wazi juu ya maslahi yao: kama wakala amekuahidi kitu kwa kila kijana unayempeleka, mzazi ana haki ya kukijua kabla hajakuuliza ushauri.

Majibu ya maswali yote hayo yakusanywe katika barua pepe, si katika ujumbe wa sauti, na nakala abaki nazo mzazi, kocha, na mwalimu mmoja wa shule anayesoma Kiingereza cha mikataba vizuri. Siku ya kusaini ikifika na jibu la afisa wa wanafunzi wa kimataifa halijaja, omba wiki moja zaidi. Wakala akisema nafasi itachukuliwa na mwingine kabla ya Ijumaa, mwombe akuandikie sentensi hiyo kwa barua pepe ya chuo, na nakala yake aipeleke kwa kocha mkuu.